Kutoka kiungo hadi chanzo: mwongozo kamili wa kufuatilia, kuhakiki na kutunza maajabu unayokutana nayo mtandaoni

Miongoni mwa habari zinazosambazwa mara kwa mara katika makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook, ipo moja isemayo kwamba sarafu za shaba za usultani wa Kilwa ziliokotwa kwenye ufukwe wa Australia, na kwamba kwa hiyo mabaharia wa pwani yetu waliligundua bara hilo miaka elfu moja iliyopita. Nusu ya habari hiyo ni kweli, tena ya kusisimua kuliko wengi wanavyodhani. Nusu nyingine imeongezwa njiani na watu ambao hawakurudi kwenye chanzo. Kuzitenganisha nusu hizo mbili kunawezekana kwa simu ya kawaida, bando dogo na jioni moja yenye utulivu, mradi mtu ajue aanze na lipi na amalizie na lipi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule anayependa kuzurura mtandaoni na kukusanya viungo vya mambo ya ajabu, iwe kwa kufundishia, kwa kuandika au kwa raha ya kujua tu. Mifano mingi nimeichukua kutoka historia ya pwani ya Afrika Mashariki, kwa kuwa ndiko maajabu ya kweli yalikorundikana na ndiko yanakopotoshwa kwa urahisi.

Hatua ya 1: Chukua anwani kamili, kisha uisafishe

Kosa la mwanzo hutokea pale mtu anapohifadhi picha ya skrini peke yake. Picha ya skrini haionyeshi ukurasa ulitoka wapi, haiwezi kutafutwa kwa maneno, na baada ya miezi michache hakuna anayekumbuka ilipigwa kwa sababu gani. Kabla ya jambo lolote, gusa sehemu ya juu ya kivinjari, nakili anwani yote, na uibandike mahali utakapoiona tena.

Anwani nyingi zinazopitia mitandao ya kijamii huja na mkia mrefu unaoanzia kwenye alama ya kuuliza. Ukiona maneno kama fbclid, igsh au utm_source, hizo ni alama za kufuatilia msomaji ametokea wapi, na hazihitajiki ili ukurasa ufunguke. Zifute. Hata hivyo, usifute kila kitu kinachofuata alama ya kuuliza bila kuangalia, kwa sababu katika tovuti nyingine sehemu hiyo ndiyo inayobeba namba ya kitu chenyewe; katika anwani ndefu ya YouTube, kwa mfano, herufi zinazofuata v= ndizo zinazoitambulisha video, ilhali si= inayoongezwa mtu anapobonyeza kitufe cha kushiriki unaweza kuiondoa bila madhara. Njia ya kujiridhisha ni kufungua anwani uliyoisafisha katika dirisha la faragha la kivinjari na kuona kama inakupeleka palepale.

Kama kiungo kimefupishwa, kifungue hadi ufike ukurasa wenyewe na uchukue anwani ya huko. Kiungo kifupi humtegemea mtu wa tatu, na huduma za kufupisha viungo hufungwa hata kama ukurasa uliokusudiwa bado upo hai.

Hatua ya 2: Weka nakala kabla hujaanza kusoma

Ushauri huu huonekana wa ajabu kwa wengi, lakini una sababu zake. Mwaka 2024 taasisi ya utafiti ya Marekani, Pew Research Center, ilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mtandaoni mwaka 2013 hazikuweza kufunguliwa tena miaka kumi baadaye. Kwa maneno mengine, mtu aliyekusanya viungo mia moja mwaka ule na asiweke nakala hata moja angetarajia kupoteza zaidi ya theluthi yake.

Mahali pa kwanza pa kuweka nakala ni Internet Archive, maktaba ya kidijitali iliyoanzishwa na Brewster Kahle huko San Francisco mwaka 1996, ambayo huduma yake ya kutunza kurasa, Wayback Machine, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2001. Fungua web.archive.org/save, bandika anwani uliyoisafisha, bonyeza kitufe cha kuhifadhi na usubiri. Kazi ikikamilika utapewa anwani mpya ndefu yenye tarakimu kumi na nne katikati. Tarakimu hizo ni mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde ambapo nakala ilichukuliwa, kwa mpangilio huo. Zingatia kwamba saa hiyo ni ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu: nakala yenye tarakimu 20240514213000 ilichukuliwa tarehe 14 Mei 2024 kwa hesabu ya kimataifa, lakini Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa tayari saa 6:30 usiku wa kuingia tarehe 15. Anayebishana juu ya nani alitangulia kuchapisha jambo fulani asipolijua hili atakosea siku nzima.

Huduma hiyo ina mipaka. Haiwezi kuingia kwenye ukurasa unaotaka nywila, kwa hiyo machapisho mengi ya Facebook na makundi yaliyofungwa hayahifadhiki humo. Video nazo mara nyingi hubaki fremu tupu. Kwa kurasa za namna hiyo, tumia sehemu ya kuchapisha katika kivinjari chako na uchague kuhifadhi kama PDF, ukihakikisha kwamba anwani na tarehe vinaonekana pembezoni mwa karatasi, au uviandike mwenyewe katika jina la faili.

Hata pale nakala ya Wayback Machine inapopatikana, usiitegemee hiyo peke yake. Mwezi Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na katalogi yake pamoja na miswada iliyokwisha kupigwa picha vikatoweka mtandaoni kwa miezi. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2024, Internet Archive yenyewe ilishambuliwa ikakaa siku kadhaa bila kufunguka. Ikiwa taasisi hizo kubwa zinaweza kunyamaza, basi kitu unachokithamini sana kinastahili nakala mbili: moja huko, nyingine katika kifaa chako au kwenye kadi ya kumbukumbu.

Hatua ya 3: Vunja habari iwe madai

Hapa ndipo kazi yenyewe inapoanzia, na hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda wake mwingi. Habari ya ajabu huwa haiji ikiwa dai moja. Huja ikiwa fungu la madai lililofungwa pamoja, ambamo dai la kweli huwabeba mengine mgongoni. Chukua karatasi na uandike kila dai katika mstari wake.

Kwa habari ya sarafu za Kilwa, mistari itakuwa hivi. Kwanza, sarafu ziliokotwa Australia. Pili, sarafu hizo ni za Kilwa. Tatu, zina umri wa takriban miaka elfu moja. Nne, zilipelekwa na mabaharia Waswahili. Tano, mabaharia hao waliigundua Australia. Ukishaziona sentensi hizo tano zikiwa zimetengana, unaona mara moja kwamba kuthibitisha ya kwanza hakuthibitishi ya nne, na kwamba ya tano ina matatizo yake hata kama zote zilizotangulia zingekuwa kweli, kwa kuwa Australia ilikuwa na wenyeji wake kwa makumi ya maelfu ya miaka kabla ya meli yoyote ya Kilwa.

Hatua ya 4: Panda kuelekea chanzo

Sasa tafuta dai moja moja. Usitafute kwa maneno ya habari uliyoisoma, kwa sababu mtambo wa kutafuta utakurudishia nakala za habari ileile. Tafuta kwa majina mahususi: jina la mahali, la mtu, la kitu, la jumba la makumbusho. Ukiweka maneno ndani ya alama za kunukuu, utapata kurasa zenye maneno hayo kwa mfuatano huohuo. Ukitanguliza site: kwenye jina la tovuti, utatafuta ndani ya tovuti hiyo tu. Ukiongeza filetype:pdf, utapata makala na ripoti ambazo hazionekani kwa urahisi. Na ukiandika before:2010, Google itajitahidi kukuletea kurasa za kabla ya mwaka huo, jambo lenye manufaa makubwa kwa habari ambayo imefunikwa na marudio ya karibuni.

Kwa mfano wetu, utafutaji wa jina la Kilwa pamoja na visiwa vya Wessel, vilivyoko kaskazini mwa Australia, unakufikisha kwenye kisa kamili. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanajeshi wa anga wa Australia aitwaye Maurie Isenberg, aliyekuwa akihudumu katika kituo cha rada, aliokota sarafu tisa katika kisiwa cha Marchinbar. Alizitunza kwa miaka mingi bila kujua ni za wapi, na mwaka 1979 ndipo zilipofikishwa kwa wataalamu. Tano zilitambuliwa kuwa za Kilwa. Nne zilikuwa za Kiholanzi, za kati ya miaka ya 1690 na 1780. Leo ziko katika Jumba la Makumbusho la Powerhouse mjini Sydney. Mwaka 2018 sarafu nyingine inayodhaniwa kuwa ya Kilwa ilipatikana katika kisiwa cha Elcho, katika eneo hilohilo la kaskazini.

Tazama jinsi maelezo hayo yanavyoyagusa madai yetu. La kwanza na la pili yamethibitika, na yanatosha kumfanya mtu yeyote wa pwani asimame kidogo na kutafakari. La tatu linahitaji uangalifu: sarafu za Kilwa zina jina la mtawala na maneno ya kumsifu Mwenyezi Mungu yaliyopangwa kwa vina, lakini hazina mwaka. Umri wake hukadiriwa kwa kumtambua mtawala, na kazi hiyo ni ngumu kwa watawala wa mwanzo kuliko kwa Al-Hasan bin Sulaiman, ambaye tunajua msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alimkuta Kilwa mwaka 1331 na ambaye sarafu yake moja ilipatikana hata Great Zimbabwe. La nne ndilo linaloanguka kwa sasa. Umri wa sarafu si umri wa safari yake. Kipande cha shaba kinaweza kupita mikononi mwa watu kwa karne kadhaa. Kuwepo kwa sarafu za Kiholanzi mahali palepale kunaacha uwezekano kwamba zote tisa zilifika pamoja, tena si kabla ya karne ya 18, mikononi mwa mtu ambaye huenda hakuwahi kuiona Kilwa. Na sarafu hizo nne, ukiangalia vizuri, ndizo zinazoachwa katika habari nyingi zinazosambazwa. Unapofika kwenye chanzo, jiulize daima ni kitu gani kilichokuwepo huko ambacho habari uliyoletewa haikukitaja.

Kuna ujanja mmoja wa kutafuta ambao watu wa pwani na bara wanauhitaji kuliko wengine. Nyaraka za zamani kuhusu kwetu ziliandikwa na wageni kwa tahajia zao. Katika maandishi ya Kireno utaikuta Kilwa ikiandikwa Quiloa, Malindi ikiwa Melinde na Mombasa ikiwa Mombaça. Katika nyaraka za Kijerumani utaikuta Zanzibar ikiwa Sansibar, Dar es Salaam ikiwa Daressalam na Kilimanjaro ikiwa Kilimandscharo. Anayetafuta picha za Moshi za kabla ya mwaka 1914 kwa tahajia za leo pekee anajinyima sehemu kubwa ya kilichopo.

Hatua ya 5: Ihoji picha

Picha huaminiwa haraka kuliko maneno, na kwa sababu hiyo inahitaji hatua yake yenyewe. Gusa picha kwa muda katika kivinjari na uchague kuitafuta kwa Google Lens, au ipakue kisha uipandishe kwenye TinEye, ambayo ina uwezo wa kupanga matokeo kuanzia la zamani zaidi. Kumbuka kwamba tarehe ya TinEye ni ya siku mtambo wenyewe ulipoiona picha hiyo kwa mara ya kwanza, wala si ya siku ilipopigwa. Katika matokeo, pita kurasa zote za burudani na utafute iliyo ya jumba la makumbusho, maktaba au shirika la habari. Hapo ndipo utakapopata jina rasmi la picha, namba yake na maelezo yake.

Mfano mzuri ni mchoro wa Kichina wa twiga aliyeshikwa kamba na mtunzaji wake. Mchoro huo husambazwa ukiwa na maelezo kwamba ni twiga ambaye Malindi ilimpeleka kwa mfalme wa China mwaka 1415. Twiga wa Malindi alikuwepo kweli, na alipokelewa Beijing mwaka huo, katika kipindi cha safari za Zheng He, amiri wa meli za China. Lakini ukiufuatilia mchoro hadi jumba la makumbusho la sanaa la Philadelphia, ambako mojawapo ya nakala zake ipo, unakuta tarehe ya 1414, na maandishi ya Shen Du, mwandishi wa kasri la China, yaliyo juu yake yanamsifu mnyama aliyeletwa na Bengal. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba Bengal nayo ilimpata twiga huyo kutoka pwani yetu, na imani hiyo ina mantiki. Hata hivyo, mchoro ni wa yule wa mwaka uliotangulia. Nakala nyingine, iliyochorwa karne kadhaa baadaye, iko Taipei. Kwa hiyo ukiutumia mchoro huu darasani, andika chini yake twiga wa Bengal, 1414, kisha simulia habari ya Malindi kwa urefu wake. Wanafunzi hawatapoteza chochote, na watakuwa wamepata twiga wawili badala ya mmoja.

Siku hizi picha nyingi za kihistoria hutengenezwa na programu za akili bandia. Kuhesabu vidole vya watu waliomo pichani hakutoshi tena. Kigezo kinachobaki imara ni kilekile: picha halisi ya zamani ina mahali inapotunzwa, na mahali hapo pana namba yake. Picha isiyo na makazi usiitumie kama ushahidi.

Hatua ya 6: Angalia namba kwa jicho la karibu

Vita vya Zanzibar na Uingereza vya tarehe 27 Agosti 1896 hutajwa kila mahali kuwa vita vifupi kuliko vyote duniani. Ukurasa mmoja husema vilichukua dakika 38, mwingine 40, mwingine 45. Msomaji asiye na subira huamua kwamba mmojawapo anadanganya. Ukweli ni kwamba muda uliowekwa na Waingereza wa kumtaka Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani bila idhini yao, aondoke katika kasri ulikwisha saa 3 asubuhi, mizinga ikaanza kulia dakika chache tu baadaye, na hesabu hutofautiana kulingana na dakika inayochukuliwa kuwa mwanzo na ile inayochukuliwa kuwa mwisho. Namba mbili zinapopishana, tafuta kwanza kila moja imehesabu nini. Ukilazimika kutaja, sema kati ya dakika 38 na 45, na hutakuwa umemdanganya mtu.

Hatua ya 7: Zurura mahali penye hazina

Hadi sasa nimezungumzia maajabu yanayokujia yenyewe. Yaliyo bora zaidi hayaji, hufuatwa yaliko. Makusanyo ninayoyataja hapa yote hupatikana kwa kutafuta jina lake, na hakuna linalodai malipo ya kutazama.

Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani kinatunza Mkusanyo wa Humphrey Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki zilizopigwa kati ya mwaka 1860 na 1960. Humo mna mitaa ya Zanzibar, reli ya Uganda ikijengwa, masoko na watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa. Chuo Kikuu cha Southern California kina hifadhi ya picha za wamisionari, na sehemu yake inayotokana na Misheni ya Leipzig ni tajiri mno kwa picha za Kilimanjaro na Meru za kipindi cha utawala wa Kijerumani. Kwa wapenzi wa maandishi, Programu ya Nyaraka Zilizo Hatarini, inayoendeshwa na Maktaba ya Uingereza tangu mwaka 2004, ilisaidia kupiga picha miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu chini ya mradi wenye namba EAP466. Mtu aliyeko Ilala au Toronto anaweza kufungua kurasa ambazo zamani zilimlazimu kusafiri hadi Lamu na kuomba ruhusa. Naiona hii kuwa mojawapo ya zawadi kubwa ambazo intaneti imewapa wasomaji wa pwani, na inasikitisha kwamba wachache wanaijua.

Mkusanyo wa ramani wa David Rumsey, ulioko Stanford, una ramani za karne mbalimbali zinazoweza kukuzwa hadi jina la kijiji kidogo lisomeke. Tovuti ya Gazettes.Africa nayo imekusanya magazeti rasmi ya serikali za Afrika, yakiwemo ya Kenya, Tanzania na Uganda. Magazeti rasmi huonekana makavu kwa nje, lakini ndani yake mna leseni, mirathi, mipaka ya wilaya na mabadiliko ya majina ya watu.

Namna ya kuzurura ina utaratibu wake. Usianze na kisanduku cha kutafutia. Anza na orodha ya makusanyo au ya mahali, ukachague mkusanyo mmoja na kuupitia kwa mpangilio wa namba. Vitu vilivyopigwa picha pamoja au kuletwa na mtu mmoja mara nyingi hufuatana kwa namba, na kitu kisichoeleweka kikiwa peke yake hufafanuliwa na jirani yake. Ukitumia bando, tazama kwanza vijipicha vidogo, uandike namba za vile vinavyokuvutia, kisha ufungue vikubwa ukiwa kwenye WiFi.

Hatua ya 8: Andika daftari la viungo

Alamisho za kivinjari hufaa kwa kurasa unazorudia kila siku, si kwa hazina. Fungua jedwali katika simu au kompyuta, au nunua daftari la kawaida la mistari, na kwa kila kiungo uandike mambo haya: jina la ukurasa kama lilivyoandikwa, anwani iliyosafishwa, anwani ya nakala, tarehe uliyoutembelea, taasisi inayotunza kitu chenyewe pamoja na namba yake, na sentensi moja ya maneno yako mwenyewe inayoeleza kwa nini ulivutiwa. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiruka, na ndiyo itakayokusaidia baada ya miaka mitatu.

Pale ambapo tovuti inatoa kiungo cha kudumu, chukua hicho badala ya anwani iliyoko juu ya kivinjari. Makala za kitaaluma huwa na namba ya DOI, inayofunguka kwa kuitanguliza doi.org/ na ambayo imekusudiwa kuendelea kufanya kazi hata jarida likihama tovuti. Wikipedia huhifadhi kila toleo la makala zake. Katika sehemu ya historia ya makala unaweza kupata kiungo cha toleo ulilolisoma wewe, ili mwenzako asije akafungua makala iliyokwisha kubadilishwa na kudhani umemsingizia mtu.

Hatua ya 9: Shiriki kwa namna inayomsaidia mpokeaji

Tuma kiungo cha chanzo, si cha ukurasa ulioinakili habari. Juu yake weka sentensi mbili: moja inayosema kilichothibitika, nyingine inayosema kilichobaki shaka. Kama ni picha, angalia hakimiliki. Katika Wikimedia Commons kila faili lina ukurasa wake unaotaja mwandishi, chanzo na leseni, na leseni nyingi za humo zinakuruhusu kutumia picha mradi umtaje aliyeipiga. Picha za watu binafsi, hasa watoto na wagonjwa, ziache zilipo hata kama ni za kushangaza.

Kumsahihisha mtu mbele ya kundi kunahitaji adabu, zaidi akiwa ni mkubwa wako. Ikiwa baba mkubwa ametuma ile habari ya sarafu katika kundi la ukoo, mwandikie kando kwanza, kwa mfano hivi: “Shikamoo baba mkubwa. Ahsante kwa habari ya sarafu za Kilwa, imenifanya niitafute zaidi. Nimeona kwamba ziliokotwa kweli, mwaka 1944, na ziko makumbusho Sydney. Ila zilikuwa pamoja na sarafu za Waholanzi, kwa hiyo hawajajua zilifika lini na nani alizipeleka. Nakuwekea kiungo hapa ukipenda kuwatumia na wengine.” Ujumbe wa namna hiyo unamwachia yeye nafasi ya kulirudia jambo kundini kwa kinywa chake, na mara nyingi atafanya hivyo.

Hatua ya 10: Kiungo kinapokufa

Pitia daftari lako mara moja au mbili kwa mwaka na ufungue viungo vyote. Baadhi vitakuwa vimekufa, na hilo halimaanishi kwamba kitu chenyewe kimepotea. Anza kwa kusoma ujumbe unaotokea. Namba 404 ina maana kwamba seva ipo lakini ukurasa huo haupo mahali ulipotajwa, jambo ambalo mara nyingi hutokana na tovuti kupangwa upya. Ikiwa jina la tovuti lenyewe halipatikani kabisa, huenda mwenyewe hakulipia tena. Na ukikuta jina lilelile sasa lina matangazo ya kamari, ondoka bila kubofya chochote.

Kisha andika web.archive.org/web/*/ ukifuatisha na anwani ya zamani, uone kalenda ya nakala zilizopo. Kama hakuna nakala ya ukurasa huo, jaribu ukurasa wa mwanzo wa tovuti ileile na ufuate viungo vya ndani ya nakala hiyo, kwani wakati mwingine ukurasa ulihifadhiwa kwa anwani iliyotofautiana kidogo na yako. Yahoo ilipoifunga GeoCities, huduma iliyowawezesha watu kutengeneza kurasa zao bure, mwaka 2009, kurasa nyingi za watu binafsi ziliokolewa kwa juhudi za watu wa kujitolea na zingali zinasomeka hadi leo, kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu tu tovuti ni ya zamani.

Njia hiyo ikishindikana, chukua jina kamili la ukurasa kutoka katika daftari lako, uliweke ndani ya alama za kunukuu na ulitafute upya; kisha tafuta namba ya kitu ndani ya tovuti mpya ya taasisi. Na ikiwa hata hapo hupati, iandikie taasisi barua pepe fupi, ukitaja namba ya kitu, anwani ya zamani na tarehe uliyoiona mara ya mwisho. Wakutubi na watunzaji wa makumbusho hupokea maswali ya aina hii kama sehemu ya kazi yao, na barua yenye namba sahihi humrahisishia mhusika kukitafuta kitu hicho. Jibu likifika, liingize katika daftari kwenye mstari uleule, pamoja na anwani mpya na tarehe ya siku hiyo, na uweke nakala yake upya.